Mgomba Usiotoa Watoto

Ninyi vijana mnaopanga miche ndani ya viroba kando ya barabara ya lami, kuanzia mjini Karatu mpaka karibu na lango la Ngorongoro, ninawaona kila ninapopita. Mara nyingine husimama nikajifanya ninafunga kamba ya kiatu, kumbe ninasikiliza mnavyowaeleza wateja. Juzi nilimsikia binti mmoja akiuza mgomba-mwitu, ule wa mapambo, wenye majani mapana na mshipa mwekundu katikati. Mteja, mama wa makamo aliyeshuka kwenye gari dogo, aliuliza swali la maana kabisa.

"Huu utatoa watoto?"

"Mama, huu unazaa hatari!" akajibu binti. "Mwakani utakuwa unagawia mtaa mzima."

Mteja alipoondoka na kiroba chake kwa furaha, nilisogea.

"Hilo la watoto, binti, umeliona au umeambiwa?"

Alinitazama kwa heshima yote, kama wajukuu wa kwetu wanavyowatazama wazee wanaowachelewesha. "Ako," akaniita, yaani babu kwa Kiiraqw, "si ni mgomba? Kila mtu anajua."

Nawaandikia kwa sababu ya maneno hayo matatu ya mwisho. Nimestaafu, magoti yangu hayaniruhusu tena kupiga magoti kwenye tuta, lakini bado sijastaafu kukasirika. Mgomba-mwitu hautoi watoto. Una shina moja, mkungu mmoja na maisha mamoja. Ukishazaa, unakufa, na pembeni hachipuki mrithi. Ndizi tunazokula hutoa watoto, tena kwa fujo, na kwa kuwa tumekua tukiziona zikipandishwa kutoka Mto wa Mbu kuja sokoni kwetu, tunadhani kila chenye jani la mgomba kina tabia za mgomba. Dhana hiyo nusura iinyang'anye familia moja ya kijiji cha Daa kitu ambacho wasingekipata popote kwa bei yoyote. Hadi leo nikikumbuka, hushusha pumzi kwanza ndipo niendelee na shughuli zangu.

Lakini siwezi kuwapeleka Daa kabla sijawaeleza ni nani aliyenifundisha kuuliza swali lile.

Nilipotoka chuo cha kilimo nilipata kazi kwenye loji moja iliyokuwa ukingoni mwa msitu. Mkuu wa bustani alikuwa Bi Skolastika, mwanamke mrefu, msomi wa kilimo kuliko sisi sote, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na ulimi usiofungwa kwa chochote. Mbele ya mapokezi palikuwa na miti ya msafiri, ile ambayo majani yake hujipanga bapa kama upepeo wa kupepea jiko. Waongoza watalii walikuwa wakiwaeleza wageni kwamba majani yale huelekea mashariki na magharibi, ili msafiri aliyepotea ajue njia. Habari hiyo nilikuwa nimeisoma pia, kwa hiyo nikaieleza mbele ya Bi Skolastika kwa sauti ya mtu mwenye cheti.

"Umeona au umeambiwa?" akaniuliza.

"Nimesoma, Bi."

"Kusoma ni kuambiwa na mtu aliye mbali. Kachukue dira ofisini."

Nilichukua dira nikaipima miti yote. Kila mmoja ulikuwa na dunia yake. Mmoja ulielekea kaskazini, wa pili ulikuwa hauelekei popote penye jina, na wa tatu ulielekea jikoni moja kwa moja.

"Basi msafiri akipotea," akasema Bi Skolastika, "angalau atakula."

Sikilizeni, basi, nilichokiona mwenyewe kuhusu mti huo, kwa kuwa mnauuza. Kwetu adui yake ni upepo. Ile miezi ya baridi, upepo unapovuma kutoka mashariki tangu asubuhi, jani pana likiwa wazi huchanwa mpaka likafanana na ufagio. Jani lililochanika halishonwi. Mpandieni mteja upande ambao nyumba inaukinga upepo, si upande ambao nyumba inapendeza kupigwa picha. Atanung'unika siku ya kupanda. Akikutana nanyi miaka ya baadaye atawasalimu wa kwanza.

Kuhusu samadi, mbichi inaunguza. Nalisema kwa kifupi kwa kuwa mnalijua, na bado mnaitumia mbichi.

Kulikuwa pia na meneja, mtu mwungwana aliyetoka mjini, ambaye siku moja aliamuru tupande safu ya migomba-mwitu kwenye uzio uliopakana na msitu, ili wageni waone majani makubwa wakinywa chai. Bi Skolastika alimwuliza, "Zaidi ya wageni wako, ni nani mwingine anayeupenda mmea huu?" Meneja alicheka. Tukapanda. Mimea ikaota vizuri, mpaka asubuhi moja mlinzi wetu Lemayan, Mmaasai wa upande wa Ngorongoro, alipokuja kunipokea getini na rungu lake begani.

"Bwana Shamba, wageni wamefika."

"Wageni gani saa hizi?"

"Wale wa mkonga. Hawakuandikisha majina mapokezini."

Safu nzima ilikuwa imeliwa, mashina yametafunwa kama miwa na makapi yametupwa juu ya nyasi. Meneja alitoka na kanzu yake ya kulalia akimfokea Lemayan: kwa nini hakuwazuia?

Lemayan alilitazama rungu lake, akamtazama meneja. "Kwa hili?"

Anayekaa karibu na msitu, basi, msimwuzie mgomba-mwitu wa kupanda uzioni. Mtakuwa mmemwuzia chakula cha tembo, na tembo hasahau mahali alipokaribishwa.

Sasa Daa.

Nilipoacha kazi ya loji nilianza kutengeneza bustani za nyumba za watu. Wakati huo watu wa Karatu walikuwa wameanza kujenga nyumba za bati la rangi, na kila mwenye nyumba ya bati la rangi alitaka mmea mkubwa getini. Mmoja wao alikuwa Baba Elibariki, mkulima wa Daa, mtu mpole mwenye kucheka polepole. Yeye hakutaka kununua mmea. Katika korongo la shamba lake palikuwa na mgomba-mwitu mmoja mkubwa uliokwisha kuzaa, na chini yake kimche kimoja kilichoota chenyewe kwa mbegu. Alikichimba pamoja na udongo wake, akakibeba kwa karai mpaka nyumbani, akaniita nimwonyeshe mahali.

Nilimwonyesha upande wa getini ambao nyumba iliukinga upepo, mbali na ukuta kiasi kwamba jani likikomaa lisisugue rangi. Tulichimba shimo pana kuliko kina, tukachanganya samadi iliyooza. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mmea ule ulikua kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena. Shina lilifikia unene usiokumbatika, na majani yalisimama juu ya paa kama mikono ya mtu anayeita. Watu waliacha kusema "kwa Baba Elibariki," wakawa wanasema "kwa mgomba." Madereva wa bodaboda hawakuhitaji maelezo mengine.

Nilimweleza mapema kwamba mmea huu hautoi watoto. Nilimweleza pia kuna njia ya kuulazimisha. Ukiwa bado kijana, kabla hata haujafikiria kuzaa, unakatwa chini kabisa, moyo wa tunguu lililo udongoni unachimbuliwa, shimo linajazwa udongo na samadi, na ndipo pembeni huchipuka watoto wengi. Nimeifanya njia hiyo kwa mikono yangu. Lakini ni lazima uuue ule mkubwa.

Baba Elibariki alicheka polepole. "Bwana Shamba, nikate mti wangu ungali mzuri hivi? Acha kwanza."

Akaacha kwanza. Aliugua, akafariki, na maneno yale hayakuwahi kufika kwa mke wake.

Mama Elibariki aliutunza mgomba ule kama mtu wa nyumbani. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yake, majivu ya jikoni yalikuwa yake. Naye aliwatolea watoto wake wanne ahadi moja: kila atakayejenga atachukua mtoto wa mgomba wa baba yao, aupande getini kwake. Elibariki, kifungua mimba, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Nyumba yake ya Endabash ilikuwa imefikia lipu, na alikwisha kuacha nafasi ya mviringo mbele ya geti, amezungushia mawe. Alikuwa anasubiri mtoto tu.

Asubuhi moja Mama Elibariki alinipigia simu, sauti yake ina sherehe.

"Bwana Shamba, mgomba wa Baba Eli umeanza kushusha mkungu! Naona sasa watoto wako karibu."

Nilianza kutafuta kofia yangu.

"Mbona husemi? Mtandao umekata?"

"Nakuja, mama," nikasema. "Usiruhusu mtu yeyote kuugusa."

Kosa langu lilikuwa kusema maneno hayo ya mwisho. Katika nchi hii ukisema kitu kisiguswe, kila mtu anakuja kukishika. Nilipofika, uani palikuwa na majirani kama siku ya kipaimara. Mkungu ulikuwa umeinama kutoka katikati ya majani, mzito, umefunikwa kwa maganda mekundu yaliyokolea, na kila mtu chini yake alikuwa na elimu yake. Mmoja alisema mti umwagiwe chumvi. Mmoja alisema mti ukitoa ua la rangi ile mwenye nyumba hufa. Nilimwuliza aliyafahamu wapi hayo. Akasema kwa shangazi yake. Na shangazi aliyafahamu wapi? Akasema shangazi hayupo tena. "Alikuwa na mti kama huu?" Akasema hapana.

Nilimweleza Mama Elibariki ukweli mbele ya wote, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumtenga. Nilisema mgomba huu hautoi watoto, na kwamba ukishatoa mkungu ndiyo safari yake ya mwisho.

Hakulia. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akautazama ule mti kutoka chini mpaka juu.

"Nimeshamzika mwenye mti," akasema. "Sasa na mti?"

Hapo ndipo alipoinuka Gwandu. Gwandu ni mdogo wake marehemu, fundi ujenzi mwenye mabega mapana na imani kubwa katika panga. "Shemeji, usimsikilize huyu na vitabu vyake. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Na kama huu unaonewa na mkungu, dawa si ipo? Tuukate mkungu! Mzigo ukitoka, mti unapona. Kila mtu anajua."

Majirani waliitikia kama kwaya. Na panga lilikuwepo tayari, limeegemezwa ukutani, limenolewa.

Nataka mwelewe tulikuwa wapi. Mti ule ulikuwa unakufa kwa vyovyote, kwa sababu mkungu si mzigo uliobebeshwa juu yake. Mkungu ndio kilele chake, ndiyo ile sehemu iliyokuwa ikitoa majani, sasa imegeuka kuwa maua. Ukiukata, hakuna jani jingine litakalotoka. Lakini ndani ya mkungu ule ndimo zilimokuwamo mbegu, na mbegu zile ndizo watoto pekee ambao mti ule ungeacha duniani. Pigo moja la panga la Gwandu, lililopigwa kwa upendo kabisa, lingeua mzazi na watoto kwa pamoja.

Ningeweza kuwahutubia. Elimu ninayo. Lakini Bi Skolastika hakunifundisha kumshinda mtu kwa maneno. Alinituma kuchukua dira.

"Gwandu," nikasema, "mgomba uliouzaa huu ulikuwa korongoni. Uliwahi kuzaa mkungu?"

"Ulizaa. Niliuona mimi mwenyewe."

"Ulikatwa mkungu?"

"Nani aukate kule korongoni?"

"Basi kwa hesabu ya wahenga unapaswa kuwa hai, umezungukwa na watoto wake. Twende tukaone. Nikikuta mtoto mmoja, nitakushikia ngazi uukate mkungu huu."

Tulikwenda, Gwandu na mimi na Mama Elibariki nyuma yetu, amejifunga kitenge kiunoni. Mahali ulipokuwa ule mgomba wa kwanza tulikuta shimo la mviringo lenye nyuzi nyeusi zilizooza. Hapakuwa na mtoto pembeni. Hapakuwa na mtoto popote. Mbuzi walikuwa wamekula chochote kilichoota korongo zima, pamebaki mawe na miiba. Gwandu alizunguka lile shimo, akainama, akachokonoa kwa kijiti, akazunguka tena.

"Kumbe ulishindwa na mkunguwe," akasema kwa sauti ndogo.

"Wahenga walikuwa wanaongelea ndizi," nikamwambia. "Hawakukosea. Hawakuulizwa habari za huu."

Nilipata nafuu, lakini haikudumu hata mwendo wa kurudi nyumbani. Nilikuwa nimekwenda korongoni kutafuta ushahidi, nikaupata, na pamoja nao nikapata habari mbaya zaidi: hapakuwa na mwingine. Mti uliokuwa getini ndio uliobaki katika ukoo wake wote. Mama Elibariki naye alikwisha kuelewa. Alisimama kando ya geti akaniambia bila ukali, na afadhali angekuwa mkali:

"Panga limerudi ndani, Bwana Shamba. Lakini mbegu zikikataa, nitakuwa nimekusikiliza wewe."

Nilimjibu kwamba mbegu zinaweza kukataa. Mti ulikuwa peke yake, na mmea ulio peke yake mara nyingine huzaa mbegu tupu. Sikumwahidi nisichokiona. Nilimwahidi kazi tu.

Kazi ilianza na popo. Maua ya mgomba-mwitu yana asali nyingi, na popo huifuata. Wakitoka ua hili kwenda lile ndio wanaochanganya unga wake. Asubuhi tulikuta maganda mekundu yameanguka yakiwa na alama za kucha. Gwandu, ambaye sasa alijiona mlinzi wa mkungu, alinipigia simu kunitaarifu kwamba ameandaa matairi ya kuchoma ili moshi uwafukuze, maana popo ni mkosi.

"Gwandu, hao ndio wakunga."

"Wakunga wenye mabawa?"

"Waache wafanye kazi."

Aliwaacha, lakini nasikia alilala na kofia.

Matunda yalikomaa taratibu. Ni kama ndizi fupi zenye ngozi ngumu, ndani nyama kidogo na mbegu nyingi, nyeusi, kubwa kama punje za maharage, ngumu kama kokoto. Yalipoanza kulegea na kugeuka rangi tuliyashusha, tukaziosha mbegu mpaka utelezi ukaisha. Kisha tukazitia kwenye beseni la maji. Kumbukeni hili: mbegu inayoelea ni tupu. Mama Elibariki aliinama juu ya beseni lile kuliko mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtoto wake. Nyingi zilielea. Alizitazama zikielea. Kisha akatia mkono ndani, akapapasa chini, akatoa kiganja kimejaa.

"Hizi zimezama."

"Hizo ndizo zetu," nikasema.

Tulizilowesha katika maji ya uvuguvugu, tukibadilisha kila yalipopoa, kisha tukazipanda kwenye makopo yenye mchanga na mboji, kila mbegu imefukiwa kiasi cha unene wake na kidogo zaidi. Mbegu hii inataka joto, na tulikuwa tunaingia miezi ya baridi, ambapo ukungu hushuka kutoka Ngorongoro ukakaa juu ya mashamba yetu mpaka saa nne. Hatukuwa na nyumba ya vioo. Tulikuwa na jiko. Makopo tuliyapanga nje ya ukuta wa jikoni, pale nyuma ya mafiga ambapo tofali halipoi mchana kutwa, tukayafunika kwa nailoni nyeupe. Mama Elibariki akaanza kupika maharage kila siku. Elibariki alilalamika. Mama yake akamwambia hayapikwi kwa ajili yake.

Kisha tukasubiri, na hii ndiyo sehemu ya kazi yetu ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Majani ya ule mgomba mkubwa yalianguka moja moja. Shina likalegea, likainama, na asubuhi moja likakutwa limelala mbele ya geti. Madereva wa bodaboda walianza kuuliza "kwa mgomba" ni wapi siku hizi. Mti ulikwisha kuoza na kuwa mbolea, na kwenye makopo hapakuwa na kitu. Gwandu alipita akayatazama.

"Bwana Shamba, una uhakika hukupanda kokoto?"

Sikuwa na uhakika na lolote, ila nilimwambia aondoe kivuli chake juu ya makopo.

Siku moja Mama Elibariki alipiga simu akipiga kelele. Nilikwenda kutoka kwangu Ganako kwa bodaboda nimeshikilia kofia. Nilipiga goti, nikatazama, nikaing'oa ile ncha ya kijani nikamwonyesha. Ilikuwa mhindi. Kuku walikuwa wamedondosha punje. Sijawahi kumwona mtu akiuchukia mhindi kiasi kile.

Baada ya hapo hakupiga simu kwa muda mrefu. Baridi ilipita. Nilikuwa ninapogoa ua wa jirani pale simu ilipolia, na mara hii sauti yake ilikuwa tulivu.

"Bwana Shamba, kuna kilichotokea."

"Mama, umeona au umeambiwa?"

"Nimeona. Nimeosha uso, nikavaa miwani ya marehemu, nikaona tena. Sasa njoo uone nawe, usije ukasema uliambiwa na Mama Elibariki."

Nilikwenda. Ndani ya kopo la tatu kutoka mlangoni palikuwa na ncha nene iliyojiviringisha kama karatasi ya kufungia karanga, na ubavuni mwake ulipita uzi mwekundu. Mhindi hauna uzi mwekundu. Kopo la pembeni udongo ulikuwa umepasuka. Nilitafuta mahali pa kukaa, nikaikuta ile ndoo iliyofudikizwa, nikakaa juu yake. Nilijikuta ninacheka, mimi ambaye hata wajukuu wangu huniogopa. Mama Elibariki alinitazama, akacheka naye, polepole, jinsi mumewe alivyokuwa akicheka.

"Sasa naomba ruhusa yako," akasema.

"Ya nini, mama?"

"Niache kupika maharage."

Hazikuota zote, wala kwa pamoja. Nyingine ziliota baada ya kila mtu kuzisahau. Lakini ziliota za kutosha. Elibariki wa Endabash alijaza ile nafasi yake ya mviringo. Wadogo zake wawili walichukua miche yao, na wa mwisho, ambaye hajajenga, ana wake kwenye ndoo na anasema kwa utani atatafuta mke mwenye kiwanja ili apate pa kuupanda. Getini kwa mama yao upo mmoja, mahali pale pale, juu ya mbolea ya baba yake. Madereva wa bodaboda wameacha kuuliza. Naye mama amekwisha kuwaeleza watoto wote, mmoja mmoja, ana kwa ana, kwamba mmea huu huzaa mara moja, na siku utakapozaa wasishike panga, washike beseni.

Kwa hiyo ninyi vijana, mteja akiwauliza, "Huu utatoa watoto?" mjibuni: "Hapana. Utazaa mara moja, kisha utakufa, na ukiwa tayari kufanya kazi nitakuonyesha la kufanya." Huenda akaacha kununua siku hiyo. Hatakuja kuwaita waongo.

Nimeambiwa kwamba Gwandu naye aliomba mche. Hilo sikuliamini mpaka nilipokwenda kuona. Ni kweli. Ameupanda karibu mno na ukuta, upande wa upepo, na samadi aliyoiweka bado ilikuwa inatoa moshi. Nilimweleza makosa yote matatu. Akanijibu kwamba jirani amemhakikishia haidhuru, kila mtu anajua.

Tuligombana mpaka chai ikapoa. Sijui lini nimefurahia ugomvi kama ule. Kuna wakati tulikuwa tunachokonoa shimo tupu korongoni kwa kijiti. Sasa ipo miche mingi kiasi cha kugombania pa kuipanda. Jumamosi ninakwenda kwake na koleo tuuhamishe. Nimemwambia magoti yangu hayafanyi kazi, kwa hiyo mimi nitashika ndoo na yeye atachimba.